Kengele ya Kaengesa, Sabato ya Nabugoye

Juni ikiingia, Sumbawanga huamka ndani ya ukungu. Milima ya Mbizi hupotea kabisa, na anayetoka nje alfajiri hujikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Asubuhi za namna hiyo mzee mmoja jirani yetu alikuwa akingoja jua barazani, blanketi mabegani, akinong'ona maneno ambayo sisi watoto tuliamini ni dawa ya baridi: mensa, mensam, mensae. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni Kilatini, neno "meza" likizungushwa katika sura zake zote, somo la mwanzo la kijana anayeingia seminari ndogo. Uvunguni mwa kitanda chake lilikaa sanduku la bati la kijani, limekwaruzika pande zote, na juu ya mfuniko namba aliyopewa bwenini ilikuwa bado inasomeka: 47.

Mzee yule hakuwahi kuwa padri. Aliiacha seminari akiwa kidato cha tatu, akawa karani, akaoa, akazaa, akalima ulezi na maharage kama sisi wengine. Lakini akiulizwa alisoma wapi, hakusema "nilisoma". Alisema: "Mimi nililelewa na mapadri."

Neno hilo limenikaa moyoni miaka mingi. Katika seminari za Tanzania mkuu wa shule huitwa gombera, na wale wanaofundisha na kukaa na vijana huitwa walezi. Mwalimu anaweza kumaliza kipindi, akafunga daftari, akaenda zake. Mlezi anajua nani hakumaliza uji wake leo asubuhi, na nani amepokea barua ya msiba kutoka nyumbani. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya malezi hayo: jinsi yalivyofika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, yalivyopanda mpaka uwanda wa Ufipa, na jinsi jamii ndogo ya Wayahudi nchini Uganda ilivyojenga shule ya aina hiyo hiyo kwa sababu zake yenyewe. Pande zote mbili shule ilizaa watu ambao waanzilishi hawakuwatarajia, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo sifa yake kubwa.

Tuanzie Karema, leo mkoa wa Katavi, chini ya uwanda wetu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold. Miaka 6 baadaye, macho ya Leopold yakiwa yamehamia Kongo, kituo kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu wetu wamewaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inapita kandokando ya ziwa. Mapadri waliwakomboa watoto kwa kulipa, wakawaweka chini ya ulinzi wa kuta za Karema. Watoto hao hawakuwa na mjomba wala shangazi, hawakuwa na ukoo wa kuwadai. Shule yao ya kwanza ndiyo ilikuwa nyumba yao, na aliyewafundisha kusoma ndiye aliyewapa chakula.

Kati ya waliofika kuwahudumia alikuwamo mtu aliyekuwa ameipita njia hiyo hiyo, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwani, akauzwa, mpaka alipokombolewa na mapadri huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na mpango usio wa kawaida kwa zama zake: vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomeshwe utabibu, warudi barani kama waganga na makatekista, wawe na kazi ya kuwalisha na kuwaheshimisha. Atiman alipelekwa Malta, akasoma tiba. Mwaka 1889 alifika Karema baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Hakuondoka tena. Aliganga watu wa ufuko ule, akajifunza miti-shamba ya wenyeji, akafundisha dini, akaoa, mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 kituo kimoja. Mwanawe Joseph alipata upadri mwaka 1923.

Hebu tumtazame mtoto aliyefungwa kamba jangwani, halafu tumtazame baba aliyekaa kanisani akimwona mwanawe akipewa daraja. Katikati ya picha hizo mbili hakuna muujiza wowote. Kuna mtu aliyelipa, kuna sahani ya chakula, kuna kitabu, kuna miaka ya watu wazima waliokubali kumngoja akue. Nakiri kwamba waliomkomboa walikuwa na shabaha yao, na mtoto asiye na ukoo hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa shabaha hiyo. Hilo lisifichwe. Lakini taaluma aliyopewa ilikuwa yake, na aliitumia kwa watu ambao hawakuwa ndugu zake kwa damu wala kwa lugha.

Kutoka ziwani mapadri walipanda mlima. Ufipa ya wakati huo ilikuwa nchi ya wamwene, yaani watawala, wa Nkansi na Lyangalile, nchi ya wahunzi walioyeyusha chuma katika tanuru za udongo zilizomzidi mtu kwa urefu, na ya wakulima wanaofukia nyasi chini ya matuta ya duara yaitwayo intumba ili zioze na kuwa mbolea ya ulezi wa msimu unaofuata. Katika miaka ya Wajerumani misheni zilisimama Kala na Kirando ufukweni, na Kate na Mwazye uwandani. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza eneo lote kuanzia 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alianzisha Karema mwaka 1907 shirika la masista wa Kiafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Watu hulipita jambo hili haraka. Mimi nalitazama kwa makini, kwa sababu katika nchi ambayo msichana aliolewa kabla hajajua kuandika jina lake, masista hao walikuwa kundi la kwanza la wanawake wa kwetu waliosoma, wakafundisha, wakawa wauguzi, na wakaishi kwa kazi zao. Sumbawanga ya leo bado ina alama za mikono yao katika zahanati na madarasa.

Vijijini shule ilikuwa kibanda cha nyasi na katekista mmoja mwenye ubao. Kusoma, kuandika, sala. Waingereza walipochukua nchi walianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, lakini Ufipa ilibaki pembeni. Serikali iliitazama zaidi kama ghala la vibarua. Wanaume wetu walishuka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mkataba wa manamba ndio uliokuwa cheti cha vijana wengi. Kijana aliyetaka kutoka kwenye njia hiyo, na ambaye baba yake hakuwa mtu wa boma, alikuwa na mlango mmoja tu wa kweli, nao ulikuwa seminari.

Mlango huo ulikuwa na bei. Mzazi wa Kifipa aliyemtoa mwanawe kwenda seminari alijua kwamba mtoto akifika mwisho wa safari hatamletea mjukuu. Nimesikia wazee wakisimulia mabishano ya usiku kucha juu ya jambo hilo, mama akilia upande mmoja na katekista akibembeleza upande mwingine. Mtoto aliondoka na sanduku lake la bati, blanketi moja, sabuni ya kipande, na hofu.

Seminari ndogo ya Kaengesa, katika uwanda wa Ufipa, ndiyo iliyokuja kuwa jina kubwa katika simulizi hizo. Karema ilikuwa jimbo kamili tangu 1953, na mwaka 1958 Charles Msakila akawekwa kuwa askofu wake, wa kwanza Mwafrika. Mwaka 1969 jimbo lilibadilishwa jina likawa la Sumbawanga. Maisha ya seminari yaliongozwa na kengele. Kengele ya kuamka kukiwa giza, maji ya baridi kama kisu, sala, misa, uji, darasa. Mchana jembe: shamba la mahindi, bustani ya mboga, zizi. Jioni kujisomea kimya, na usiku ukimya mtupu ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja. Mzee wetu mwenye namba 47, ambaye seminari aliyosoma sitaitaja, alisimulia zaidi juu ya ukimya huo kuliko juu ya masomo. Alisema usiku wa kwanza alilia chini ya blanketi, na mlezi aliyekuwa akipita na taa kati ya vitanda alisimama, hakusema neno, akaweka mkono juu ya blanketi, kisha akaendelea na safari yake. "Kesho yake aliniita kwa jina," alisema. "Tulikuwa wageni watupu pale, na yeye alikwisha kujua majina yetu yote."

Lengo la seminari lilikuwa mapadri, na iliwapata. Polycarp Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alipita njia ya seminari, akapewa upadri mwaka 1971, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na mwaka 1998 akafanywa kardinali. Kijiji kile cha uwandani kilitoa mtu wa kuketi katika baraza la Papa.

Lakini tuhesabu vizuri. Vijana walioingia seminari ndogo walikuwa wengi, waliofika altareni wachache. Wengine waliona wenyewe kwamba hawana wito, wengine waliambiwa hivyo. Kijijini walipewa majina ya kejeli, na wapo waliojificha kwa wajomba mpaka maneno yapoe. Hata hivyo hao "walioacha" ndio waliojaza ofisi na madarasa ya nchi iliyokuwa imepata uhuru karibuni na kukosa watu waliosoma. Mizengo Pinda, mtoto wa wakulima wa upande wa Mpanda, alisoma sekondari Kaengesa, akaenda Pugu, akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, na kuanzia 2008 hadi 2015 akawa Waziri Mkuu. Alipenda kujitambulisha kama mtoto wa mkulima, na wengi walimwita hivyo. Watu walioketi naye bungeni waliona kiongozi mpole. Sisi tuliokulia huku tulitambua pia kitu kingine, ule utulivu wa mtu aliyezoea kuishi kwa kengele na kula sahani ileile na mwenzake.

Mapadri waliojenga madarasa yale hawakuwa wakipanga kumwandaa waziri mkuu. Wala hawakupanga makarani wa mahakama, walimu wakuu, mabwana shamba, wahasibu wa vyama vya ushirika. Lakini shule iliwalea wote kwa namna moja, kabla ya kujua nani atabaki na nani ataondoka, na haikumpa uji mwepesi zaidi yule ambaye angeacha.

Mwaka 1969 ilipitishwa sheria mpya ya elimu, na shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zikachukuliwa na serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa na hoja yenye uzito: katika nchi moja, mtoto wa Kiislamu au wa dini ya jadi hawezi kulazimika kupitia kanisani ili afike darasani. Naiunga mkono hoja hiyo mpaka leo. Seminari ziliachwa mikononi mwa kanisa kwa sababu zilikuwa vyuo vya dini, na kwa hiyo malezi yale ya zamani yaliendelea ndani ya kuta zake wakati shule nyingine zikijaa, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974 na mbio za kumwingiza kila mtoto darasa la kwanza. Tulipata watoto wengi shuleni, jambo la kujivunia. Walezi hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Sasa tuvuke mipaka mpaka Uganda mashariki, chini ya Mlima Elgon, karibu na Mbale. Huko kuna kilima kinachoitwa Nabugoye, na juu yake sinagogi.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki, kisha akakosana nao alipoona hatapewa ufalme aliouota. Alikuwa Mprotestanti, akahamia kwa Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali, na kadiri alivyozidi kusoma Agano la Kale ndivyo alivyozidi kujiuliza kwa nini watu wanayaacha yaliyoandikwa mle. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Alifariki mwaka 1928, akaacha jamii ndogo ya wakulima walioshika Sabato katikati ya majirani Wakristo na Waislamu.

Kwa jamii hiyo shule ilikuwa kidonda. Shule karibu zote zilikuwa za makanisa au za Waislamu, na mtoto wa Kiyahudi aliyetaka kusoma alijikuta akisukumwa abatizwe au abadili jina. Wazazi walilazimika kuchagua kati ya kitabu na imani. Wengine walichagua kitabu, na jamii ikapukutika. Wengine walichagua imani, na watoto wao wakabaki mashambani. Halafu akaja Idi Amin. Aliipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, waliobaki wakasali mafichoni. Amin alipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mamia machache tu.

Waliowainua walikuwa vijana. Miaka ya 1980 kikundi chao kilikaa pamoja Nabugoye, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania na sala. Kati yao walikuwamo J. J. Keki na Gershom Sizomu. Walijua kwamba sinagogi peke yake halitawaokoa. Kadiri mahusiano na Wayahudi wa Marekani yalivyokua, shule mbili zilisimama: ya msingi, iliyopewa jina la Hadassah, na sekondari iliyopewa jina la mwanzilishi, Semei Kakungulu. Mwanafunzi hupata chakula cha mchana. Jumamosi hakuna darasa. Mtoto wa Kiyahudi anaweza kukaa dawatini bila kuulizwa kwa nini hataki kubatizwa.

Lakini waliokuja kuomba nafasi hawakuwa Wayahudi peke yao. Wakristo wa vijiji vya jirani walileta watoto wao, na Waislamu vilevile, na shule ikawapokea. Watu waliojua uchungu wa kukaribishwa shuleni kwa sharti la kujikana walipopata shule yao hawakumwekea mtu sharti hilo. Mimi Mkatoliki wa Ufipa, niliyelelewa na watu waliolelewa na mapadri, nakiri kwamba jambo hilo hunigusa zaidi ya mengi niliyoyasoma juu ya elimu. Misheni zetu hazikufika hapo mapema, na nyingine zilifikishwa na sheria ya serikali.

Na huko nako mavuno yalivuka shamba. Wazazi wa watoto hao wa dini tatu ni wakulima wa kahawa. Keki alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 2001, akarudi nyumbani akitaka kujenga kitu kitakachoshikilia majirani pamoja. Mwaka 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa vilima vile waliunda chama cha ushirika cha kahawa, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu kwa Kiganda. Bei nzuri ya kahawa ilimaanisha ada. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008, akarudi Nabugoye badala ya kubaki Marekani, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini wakamchagua kuwa mbunge wao. Wayahudi wa jimbo lile ni wachache mno kumfikisha mtu bungeni. Waliompigia kura ni majirani, na wamo kati yao wenye watoto wanaosoma, au waliosoma, kwenye kilima kile.

Narudi kwetu. Tangu 2004 shule za kata zimejengwa kila pembe ya Rukwa, na tangu 2016 ada ya sekondari za serikali imefutwa. Mtoto wa kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa sasa ana kidato cha kwanza cha kwenda kwa miguu. Darasa lipo, bweni mara nyingi hakuna, na msichana anayepanga chumba karibu na shule akiwa na miaka 14 hana mtu wa kupita na taa usiku. Walimu wanaofanya kazi ya ulezi juu ya mshahara wa ualimu wapo, nawafahamu, na wengi wao wamechoka.

Mzee wetu alifariki bila kuona mabadiliko hayo yote, lakini aliacha neno kuhusu sanduku. Mjukuu wake wa kike alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni mkoa mwingine, bibi yake alilivuta kutoka uvunguni, akalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Binti aliandika jina lake juu ya mfuniko kwa rangi ya kucha, nyekundu, herufi kubwa. Alfajiri ya safari ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye taa za stendi. Kondakta alilibeba sanduku, akalipigapiga kusikia uzito, akauliza kama ndani kuna mawe. Vitabu, alijibiwa. Likaingia buti pamoja na magunia ya maharage. Chini ya jina jekundu ile 47 ilikuwa bado pale, hakuifuta.